Leseni ya Nyumba ya Vitanda Sita

4 Februari

Kwako mpwa wangu,

Pokea marahaba yangu, maana najua umeniamkia pale pale ulipouona mwandiko huu juu ya bahasha. Ni mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mtu aniandikie. Shule niliacha darasa la tatu, na bado mtaa huu wakitaka barua ya maana wanakuja kwangu. Na wewe usinijibu kwa simu. Simu ukiiuliza jambo zito inakatika. Andika.

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Goti linamsumbua ila mdomo ni mzima kabisa. Binti yangu mdogo amejifungua mtoto wa kike mwenye kichwa kikubwa kama changu, kwa hiyo akili ipo. Mimi mwenyewe nina miaka sabini na minne, na juzi nimepanda juu ya paa kubadilisha bati, nikashuka kwa miguu yangu huku majirani wamejishika vichwa.

Nyumba ya wagonjwa imesimama. Vitanda sita, na sasa vitano vina watu. Yupo Dereva, aliyeendesha lori miaka thelathini na leo kijiko kinamshinda. Yupo Bibi Miwani. Yupo yule mzee aliyekuwa posta, na mtu na dada yake ambao wanaumwa pamoja na kugombana pamoja. Wote hawa hospitali iliwaambia rudini nyumbani, dawa zetu zimefika mwisho, na huko nyumbani hapakuwa na mtu. Mimi nawachukua, nawaogesha, nawageuza, nakaa nao mpaka siku yao inafika, na sichukui chochote. Mwaka wa kumi na moja huu. Fundi seremala gani mwingine unamjua amefanya hivyo?

Sasa jambo lenyewe. Wamekuja watu wawili na karatasi kutoka ofisini kwenu. Wanasema sheria mpya imetoka, kila nyumba ya hisani inayotunza wagonjwa wa siku za mwisho lazima iwe na leseni. Isipopata kabla ya tarehe thelathini Septemba inafungwa, na wagonjwa wanagawanywa huku na huku. Wameniachia fomu ya kurasa kumi na mbili. Nimeijaza peke yangu, kwa kalamu ya wino, nikaituma siku ile ile.

Wewe uko ghorofa ya tatu katika ofisi hiyo hiyo ya leseni. Toka kwenye kiti chako, nenda kwenye faili langu, gonga muhuri. Kazi ya dakika mbili. Nilikubeba mgongoni wewe ukiwa na surua, sikukuuliza leseni.

Mimi mjomba wako.


19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa tarishi alidhani bahasha imeandikwa kwa patasi. Mpe pole mkaza mjomba na umwambie dawa ya kuchua goti nitaituma. Mtoto karibu duniani, na kichwa kitapungua, cha kwangu kilipungua. Sisi tumehamia nyumba yenye vyumba vitatu. Wanangu wawili sasa wana mlango wa kuubamiza wakikasirika, na wanaubamiza.

Kuhusu faili lako, sitaligusa. Siku lilipoingia nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia huyu ni kaka wa mama yangu, likahamishiwa meza nyingine. Najua utanuna. Lakini nikikugongea muhuri mimi, siku yoyote mtu akitaka kukufungia atasema leseni ile ilitoka kwa mpwa, na atakuwa na haki. Ninachoweza ni kukueleza kanuni kama ninavyomweleza yeyote anayekuja dirishani.

Mlango wa kila chumba upana wake usipungue sentimita tisini, kitanda kipite bila kuinamishwa. Penye ngazi pawe na mteremko wa kiti cha magurudumu. Maji karibu na kila chumba. Njia ya pili ya kutokea moto ukizuka. Hayo wewe ni fundi, hayakutishi.

Halafu ipo kanuni ya tisa. Isome polepole, mjomba, usiirukie.

Na swali moja. Mwenzangu mwenye faili lako alipita karibu nami anacheka na kutikisa kichwa. Sikumuuliza. Pale kwenye idadi ya wagonjwa uliandika ngapi?

Mpwa wako.


11 Machi

Mpwa wangu,

Nimenuna kama ulivyosema, nikamaliza. Tuko wazima. Binti yangu anamnyonyesha yule mwenye kichwa. Mkaza mjomba wako anasema dawa ya goti inanuka kama betri ya gari lakini anapaka.

Yule mzee wa posta ametutoka Jumanne asubuhi, ameshika kidole changu hiki cha shahada, alikishika toka saa mbili mpaka saa tano. Nilitaka kujikuna pua nikavumilia. Kitanda chake sasa kimepata mwalimu mmoja wa hesabu.

Ofisi yenu imenijibu, na nilipoisoma nikadhani wamekosea nyumba. Wanasema nyumba yenye wagonjwa arobaini na mmoja lazima iwe na daktari anayelala pale pale, gari la wagonjwa, jiko la kupikia watu mia na vyoo kumi. Nikacheka mpaka Dereva akauliza kuna nini. Nikamsomea. Akasema, "Mzee, hao arobaini na mmoja umewaficha wapi, chini ya vitanda?"

Kusema kweli ndipo walipo. Karatasi iliuliza nyumba hii ina wagonjwa wangapi. Nikahesabu wote. Watano wamelala, thelathini na sita wako makaburini. Kila anayefia humu namchonga jina lake kwa patasi chini ya mbao za kitanda alichokilalia. Wa kwanza kabisa ni mama yako. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniaga kwamba kuanzia leo yeye si mgonjwa wangu. Sasa ofisi ilitaka niwafute? Basi ingeuliza vizuri. Mwambie huyo mwenzako amalize kucheka.

Milango nimebomoa yote na kuipanua ndani ya siku tisa. Mteremko nimeujenga, na nimeupanda mimi na kiti cha magurudumu chenye mkaza mjomba wako ndani, na unajua uzito wake, usimwambie nimeandika. Njia ya pili ya moto ipo. Hakuna nyumba katika nchi nzima yenye milango inayofunga kimya kama ya kwangu.

Ila kanuni ya tisa sitaifanya. Nimeisoma polepole kama ulivyotaka, mistari yote, kidole chini ya kila neno. Eti lazima niwe na muuguzi aliyesajiliwa, eti yeye ndiye aandikwe msimamizi wa nyumba. Eti kabati la dawa kali za maumivu lenye kufuli mbili, na kitabu cha kuandika kila tone na saa yake. Mimi niwekewe mtu wa kunisimamia ndani ya kuta nilizozipiga lipu mwenyewe? Aliyeandika kanuni hiyo hajawahi kumshika mkono mtu anayekata roho. Ni mtoto wa kiti cha kuzunguka, kalamu sikioni, chai ya maziwa mezani. Nikimpata nitamwambia mambo ya uso, makavu makavu.

Watu humu wanakwenda kwa amani. Mama yako alizimika kama taa, na hapakuwa na kabati.

Mimi mjomba wako.


30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Tuko salama. Mwanangu mkubwa ameng'oka jino na anataka kila mgeni alione. Poleni kwa mzee wa posta.

Jambo la idadi ni dogo. Andika barua ya mistari miwili: wagonjwa waliopo ni watano, vitanda ni sita. Ipeleke kwa mkono katika ofisi ya wilaya na udai wakugongee nakala. Nyumba ya chini ya vitanda kumi haidaiwi daktari wala gari. Lile litakuwa limekwisha.

La pili si dogo.

Kanuni ya tisa niliiandika mimi. Zile nyingine waliandika wengine. Hii nilikaa nayo vikao vinne, watu wakisema ni nzito mno kwa nyumba za hisani, na nilikataa kuiondoa. Kwa hiyo umekwisha kunipata, mambo ya uso unaweza kuniambia. Kiti changu hakizunguki.

Mama hakuzimika kama taa. Nilifika siku ya tatu, nikashuka kwenye basi, na nilimsikia kabla sijashika kitasa cha geti. Wewe nilikukuta uani. Tangu siku ile hatujawahi kuzungumza habari hiyo, wewe na mimi. Kwenye mazishi ulisema taa, na kila mwaka umeirudia.

Dawa ya kumtuliza ilikuwapo, mjomba. Ilikuwa zahanati, mwendo wa nusu saa. Lakini zahanati haimpi mtu dawa ile akaiweke chini ya mto. Inaikabidhi nyumba yenye muuguzi, kufuli na kitabu, iliyoandikwa kwamba inaruhusiwa. Nyumba yako haikuandikwa popote. Kanuni ya tisa ndiyo inayoiandika. Bila hiyo unaweza kupanua milango mpaka ukuta uishe, na mtu bado atalia siku tatu.

Sikuandikii kukulaumu. Nililaumu miaka mingi, imetosha.

Mpwa wako.


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hujajibu. Nilimpigia mkaza mjomba, akasema huumwi, unakula, ila toka asubuhi ni msumeno tu na ukiulizwa unatengeneza nini unasema mbao. Amesema pia ile barua ya mistari miwili uliipeleka, asante.

Ratiba ya wakaguzi imetoka. Kwenu ni mwisho wa Agosti. Mkaguzi akikuta kanuni moja haijatimizwa anaandika hapana, na baada ya hapo hakuna nafasi ya pili kabla ya tarehe ya mwisho. Wale wagonjwa watano watatafutiwa mahali, na mahali penyewe nimepaona.

Sitaongeza neno. Wanangu wanakuamkia.

Mpwa wako.


17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na wajukuu marahaba pia. Mkaza mjomba wako goti limepata nafuu, sasa anatembea mpaka sokoni kunisema huko. Mwenye kichwa ameota meno mawili. Bibi Miwani ametuacha, na yule dada aliyekuwa akigombana na kaka yake naye akafuata baada ya wiki, kaka bado yupo na hana wa kugombana naye, anajaribu na mimi lakini simpi nafasi. Dereva yupo. Mwalimu wa hesabu yupo, ananisahihisha kila kitu. Bati lile nililobadilisha halivuji tone.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu zimewasha jiko.

Nilikuwa uani. Ulipofika uliniona na randa mkononi na ukadhani natengeneza jeneza, kwa sababu hukuuliza. Sikuwa natengeneza kitu. Ilikuwa mbao ya mninga, nzuri, pana, niliitoa stoo siku ya kwanza alipoanza kulia. Randa ina sauti. Ukiisukuma kwa nguvu husikii ndani ya nyumba. Nilikuwa nikiacha kusukuma namsikia ananiita jina langu la utotoni, basi nasukuma tena. Siku ya tatu mbao ile ilikuwa nyembamba kama jalada la daftari. Mkaza mjomba wako ndiye aliyekaa naye. Mimi sikukaa.

Dawa ya zahanati sikuiuliza. Sikujua kama ipo, na sikutaka kumuuliza mtu, kwa sababu mimi ndiye ninayeulizwa.

Baadaye nikaweka vitanda. Watu wanasema mzee yule ana huruma, nawaacha waseme. Thelathini na nane sasa, ukimtoa mama yako, nimewashika mikono. Wengine walikwenda kwa amani kweli, hilo usinipokonye. Wengine walilia, na hao nilikaa nao, sikutoka tena nje hata mara moja, lakini kukaa kwenyewe hakukuwapunguzia kitu. Nilikwambia wote wanakwenda kwa amani. Nilikuwa naongea tu.

Haya, hiyo basi.

Kabati nimelitengeneza. Ndizo mbao alizokuwa akizisikia mkaza mjomba wako. Kufuli mbili, bawaba za shaba, milango inakutana bila hata upenyo wa wembe, mwizi akija itabidi alibebe zima na halibebeki, nimelipigilia ukutani kwa misumari ya inchi sita. Waziri hana kabati kama hilo.

Na muuguzi nimempata. Ni mama mmoja mstaafu wa hospitali kubwa, mfupi, mweusi tii, sauti kama king'ora. Tunamwita Sajenti, na anajua, na anaitika. Siku ya kwanza aliingia, akaangalia, akaniambia, "Mzee, vua viatu, unaingia kwa wagonjwa." Nikamwambia nyumba hii ni yangu. Akasema, "Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza." Halafu akataka kabati lihamishwe, eti lipo mahali jua linapiga na dawa itaharibika. Misumari ya inchi sita, mpwa wangu. Nimeing'oa yote. Lipu imetoka, nimeipiga upya.

Kwenye fomu ameandikwa yeye msimamizi. Mimi nimeandikwa msaidizi. Msaidizi, katika nyumba niliyoiezeka. Mwalimu wa hesabu alinipa mkono wa hongera na alikuwa anatabasamu, bahati yake anaumwa.

Mambo ya uso sina.

Mjomba wako.


2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliifungulia ofisini, nikakosea. Ilibidi nitoke nikazunguke jengo mara mbili. Mlinzi akaniuliza kama nimefiwa, nikamwambia ndiyo, zamani.

Nitakuja Oktoba na watoto, nitakaa wiki nzima. Mwambie mkaza mjomba asihangaike, tutalala popote.

Jambo moja la kazi, usije ukaulizwa na mkaguzi ukaduwaa. Kila dozi ya dawa ile inahitaji sahihi mbili kitabuni. Ya kwanza ya muuguzi. Ya pili ya shahidi, aliyeona dawa ikipimwa, akaona ikinywewa, na akabaki na mgonjwa mpaka itulie. Bila shahidi muuguzi haruhusiwi kufungua kabati. Katika vikao waliniuliza shahidi awe na elimu gani. Nilisema ajue kusoma saa, na awepo.

Siku ya ukaguzi mimi sitakuwapo wala sitauliza. Ukijua jibu, niandikie.

Mpwa wako.


9 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba mara mia. Huku wote wazima, mkaza mjomba wako ameanza kufua mashuka ya Oktoba toka sasa, nimemwambia yatachakaa kabla hamjafika.

Mkaguzi alikuja, kijana mwenye tai na futi ya chuma. Akapima mlango wa kwanza akapata tisini na moja. Nikamwambia hiyo moja ya juu nimemwongezea bure. Hakucheka. Akapima yote saba, yote tisini na moja, hapo akanitazama vizuri. Akaupanda mteremko na kuushuka. Akafungua mabomba. Akatoka kwa njia ya moto akarudi. Akamuuliza Dereva anaonaje anavyotunzwa. Dereva akamwambia, "Mzee anaongea sana, lakini haondoki." Kijana akaandika hayo kwenye karatasi yake, sijui kwenye kisanduku gani.

Akafika kwenye kabati, akaniambia nifungue. Nikamwambia sina ufunguo na sitakiwi kuwa nao, ufunguo anao msimamizi wa nyumba, muite. Nilisema bila kumeza mate. Sajenti akaja na funguo shingoni kama filimbi ya refa. Kijana akakagua kitabu, akauliza shahidi ni nani. Nikasema mimi. Akataka kuona sahihi yangu. Nikaandika jina langu lote, la baba na la babu, likapita mstari likafika ukingoni. Akasema ingetosha fupi. Nikamwambia kwa watu wa kawaida, sawa.

Leseni imefika Alhamisi. Nimeitengenezea fremu ya mbao ya mkongo na kuitundika mlangoni, imenyooka, nimepima kwa jicho. Imeandikwa jina la Sajenti na chini yake idadi ya vitanda, sita.

Ijumaa wakatuletea mama mmoja, fundi cherehani. Ugonjwa ule ule wa mama yako, na mahali pale pale. Tulimsikia akiwa bado ndani ya gari. Sajenti akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili, akaipandisha dawa ndani ya bomba la kupimia mpaka kwenye alama na kunionyesha kwenye mwanga. Nikatazama. Akampa. Nikaandika saa tano na dakika ishirini, nikavuta kiti nikakaa pale kichwani pake. Alinishika mkono akanifinya, alama bado zipo. Hakuniita jina, hanijui. Nilikaa. Mikono yangu haikuwa na kazi yoyote.

Saa sita kasorobo vidole vikalegea. Nikainama kumwangalia kama anapumua. Alikuwa amefumbua macho, anaangalia dirisha. Akauliza, taratibu kabisa, ni nani aliyeshona mapazia haya vibaya namna hii.

Nimeyashona mimi. Sikumwambia. Nilimwambia nitamtafuta mhusika. Jana amekaa kitandani na sindano, ameyafumua yote mawili, na amenipa amri nimletee uzi wa rangi inayofanana, safari hii nitumie macho.

Sina nafasi ya kuandika zaidi. Saa kumi imekaribia, na Sajenti hawezi kufungua kabati bila mimi.

Msaidizi, mjomba wako.